Nduna Songea Mbano

Mji wa Songea, ulio kusini mwa Tanzania, uliitwa kwa jina la mtu. Mtu huyo ni Songea Mbano, nduna wa Wangoni, maana yake mkuu wa vita na mtawala wa watu wengi chini ya mfalme wao. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika mjini humo penye makaburi ya mashujaa wa zamani. Asili ya desturi hiyo imo katika habari za maisha ya Songea na za kifo chake.

Wangoni walitoka Afrika ya Kusini. Katika miaka baada ya 1820 palikuwa na vita vikali huko, na mkuu mmoja, Zwangendaba, akawachukua watu wake akaenda nao upande wa kaskazini. Mwaka 1835 wakavuka mto Zambezi. Kila nchi waliyoipita waliteka watu, wakawafundisha vita na desturi zao, hata wale mateka wakawa Wangoni. Zwangendaba alipokufa katika nchi ya Ufipa, karibu na mwaka 1848, watu wake wakagawanyika, na baadhi yao wakaja kukaa katika nchi iliyo karibu na mto Ruvuma. Ukoo wa Mbano haukuwa ukoo wa wafalme. Ulikuwa ukoo wa Wakalanga, walioingia katika Wangoni njiani. Basi Songea hakurithi ukubwa wake kwa kuzaliwa, bali aliupata kwa ushujaa na akili. Nkosi Mputa Gama alikuwa mfalme wa Njelu, lakini katika nguvu za vita manduna wachache sana walikuwa sawa na Songea.

Mwaka 1897 Wadachi, yaani Wajerumani, wakafika, wakajenga boma karibu na makao yake. Tangu siku ile mambo yakabadilika. Wakuu wakakatazwa kwenda vitani, wakapoteza mateka wao, na watu wakatozwa kodi na kutumikishwa. Tena lilitokea jambo lililowachoma Wangoni moyoni. Wao waliwaheshimu sana wazee wao waliokufa, ambao roho zao waliziita mahoka, na Nkosi Mputa alikuwa na nyumba ya kuwaombea. Padre mmoja akaichoma moto nyumba ile. Kwa mgeni, ilikuwa kibanda cha miti na majani. Kwa mwenyewe, ilikuwa mahali pa baba zake.

Wakati huo, mbali huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mganga, jina lake Kinjikitile Ngwale. Husimuliwa kwamba mwaka 1904 alivutwa na pepo akazama katika kidimbwi cha maji, na siku ya pili akatoka na nguo zake kavu. Watu wa upande ule tangu zamani walikuwa wakienda kwa waganga kutafuta dawa ya maji, ili mvua inyeshe na mashamba yazae. Kinjikitile aliigeuza dawa hiyo ya amani kuwa dawa ya vita. Alisema kwamba mtu akinyunyiziwa maji yale, risasi za Wazungu hazitamdhuru. Wenyeji wa Tanganyika hawakuwa peke yao katika kuamini hivyo. Mwaka 1890 Wahindi Wekundu wa Marekani walivaa mashati waliyodhani kwamba risasi haziwezi kuyapenya, na mwaka 1900 vijana wa China wakawaendea Wazungu kwa imani kama hiyo. Watu walioonewa, wasio na silaha za kutosha, hutafuta nguvu mahali pengine.

Vita vya Majimaji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Matumbi. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa huko Mohoro, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kusafiri. Mjumbe aitwaye Kinjala akayaleta Ungoni. Nkosi Mputa akayapokea, pamoja na Nkosi Chabruma wa Mshope, na Songea akaingia vitani pamoja na mfalme wake. Makabila ambayo zamani Wangoni waliyapiga yakawa sasa ndugu zao katika vita vimoja.

Mwezi wa Oktoba jeshi la Wangoni lilikuwa limepiga kambi Namabengo. Kapteni Nigmann akawashambulia kwa askari wenye bunduki za kutoa risasi mfululizo. Watu wakaanguka, nao walionyunyiziwa maji wakaanguka sawasawa na wengine. Hapo ndipo walipojua kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Wadachi wakachoma vijiji, wakaharibu vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Wakuu wakakamatwa mmoja mmoja, wakahukumiwa kufa. Katika gereza wengi wao wakabatizwa. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa akanyongwa pamoja na makumi ya wenziwe, wakazikwa katika kaburi moja. Wazee husimulia kwamba Wadachi walitaka kumwacha Songea hai, kwa kuwa jina lake lilikuwa na nguvu juu ya watu. Naye akakataa kuishi baada ya wenzake kuuawa, akataka apewe hukumu ile ile. Siku chache baadaye akanyongwa, akazikwa peke yake. Tena husimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Basi hiyo ndiyo asili ya siku ile ya Februari. Karibu na makaburi pamejengwa makumbusho, na wenyeji huja na wazee wao, wakaweka silaha na mashada ya maua juu ya kaburi, wakacheza ngoma za Kingoni. Imani katika maji ilikwisha Namabengo, lakini heshima kwa wafu haikukoma.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Akakaa na watu wa ukoo wa Mbano, akaomba radhi kwa matendo ya Wadachi, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha babu yao.  Watu wale waliomba kitu ambacho kila mtoto humtakia mzazi wake, yaani azikwe mwili mzima katika ardhi ya kwao.