Faraday na Msingi wa Mtafiti

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwanaisimu kama mimi akijitosa katika uwanja wa fizikia. Hata hivyo, maisha ya Michael Faraday yanamhusu mwalimu wa lugha sawa na mwalimu wa sayansi.

Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mwana wa mhunzi maskini. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipofikia umri wa miaka 14 alikuwa mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu jijini London, kazi aliyoifanya kwa miaka 7. Vitabu alivyoletewa kuvijalidi alivisoma pia. Aliposoma makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia, hakuridhika kuyakariri. Alijiundia vifaa hafifu ili ahakikishe mwenyewe.

Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy. Aliyoyasikia aliyaandika upya kwa utaratibu wake, akachora vifaa, akayajalidi na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akijinoa kwa sarufi na matamshi pamoja na rafiki zake, kwani alitambua kuwa fikra isiyoelezeka haijakomaa.

Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inayosogezwa ndani ya waya uliozungushwa huzalisha umeme. Mitambo yetu ya umeme ya Olkaria na ya mto Tana hutegemea kanuni hiyo. Mwaka 1834, ugunduzi wake ulipokosa majina, alishauriana na msomi William Whewell. Hapo zikazaliwa istilahi anodi, kathodi na ioni kutokana na Kigiriki.

Sisemi kwamba hisabati haina maana. Faraday hakuimudu, na ilimbidi James Clerk Maxwell aje kuyapa mawazo yake umbo la kihisabati. Lakini Maxwell alikuwa na mawazo ya kuyapa umbo. Wanafunzi wetu wengi hukariri kanuni za mtihani wasiweze kueleza maana yake kwa lugha yoyote, iwe Kiingereza au Kiswahili. Huo si msingi.

Faraday alifariki mwaka 1867. Anayetaka kuwa mtafiti na amwige: kila somo aliandike kwa maneno yake, kisha alijaribu kwa mikono yake. Nasi walimu tumpe nafasi ya kufanya hivyo, hata kama mtihani hauulizi.