Hans Berger: Aliyenasa Umeme wa Ubongo

Hans Berger alizaliwa Ujerumani mwaka 1873. Alipokuwa jeshini, kijana wa kama miaka 20, farasi alimtupa chini nusura mzinga umpondeponde. Siku hiyo hiyo akapata simu ya maandishi kutoka kwa baba yake: dada yake kaingiwa na hofu juu yake. Berger akaamini kuwa fikira husafiri. Akasomea udaktari ili aitafute njia yake.

Huko Jena alifanya utafiti kwa siri miaka mingi. Mwaka 1924 alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, lakini hakutangaza mpaka 1929. Aliona kwamba mtu akifumba macho na kutulia, hutokea mawimbi kama 10 kwa sekunde. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kupiga kichwani, hufifia. Mazingatio yakaonekana karatasini! Wenzake walimpuuza, hadi Waingereza Adrian na Matthews walipothibitisha mwaka 1934.

Sifa hiyo ina doa. Chini ya utawala wa Hitler, Berger aliketi katika mahakama iliyoamua nani afungwe uzazi kwa nguvu. Alijiua mwaka 1941.

Katika miaka ya 1960 Joe Kamiya wa Marekani alionyesha kuwa mtu akijulishwa mawimbi hayo yanapotokea, hujifunza kuyaita mwenyewe. Mazoezi ya kutuliza akili kwa vyombo yalianzia hapo. Njia ya fikira kusafiri, Berger hakuipata kamwe.