Gunnar Isachsen, Askari Mchora Ramani

Mwaka jana mwalimu wetu wa jiografia alituagiza tuchore ramani ya shamba la shule. Mimi nalipima pande tatu, kisha jua likanichosha. Upande wa nne, wenye kinamasi, naliukisia tu hali nimekaa chini ya mwembe. Ramani yangu ilipendeza kwa rangi, lakini kijito nalikipandisha juu ya kilima! Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka, alinipa kitabu nikasome habari za Bwana Gunnar Isachsen. Basi nataka kuwasimulia habari hizo, ninyi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni.

Isachsen alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1868 katika Drøbak, mji mdogo wa pwani nchini Norwei. Alipokuwa mtu mzima aliingia jeshini, akawa afisa. Mwaka 1898 Kapteni Otto Sverdrup alipofunga safari ya kaskazini kwa meli ya Fram, Isachsen alichukuliwa awe mpimaji na mchora ramani. Walikuwa watu 16. Kwanza walikusudia kuizunguka Greenland, lakini barafu iliwafungia njia, wakageukia magharibi, kwenye kisiwa cha Ellesmere. Huko walikaa miaka minne, na wawili kati yao walikufa.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Wakati wa baridi jua halionekani kwa miezi mitatu na zaidi. Liliporudi, watu walitoka wawili wawili au zaidi, wakasafiri juu ya barafu ya bahari kwa magari yasiyo na magurudumu, yaliyovutwa na mbwa. Dira ilikosa nguvu sehemu zile, maana wakati ule ncha ya sumaku ya dunia haikuwa mbali. Kwa hiyo mpimaji hana budi kulipima jua kwa chombo chake, na vidole vyake vinauma kwa baridi. Mwaka 1901 Isachsen na mwenzake Sverre Hassel walizunguka visiwa vya Amund Ringnes na Ellef Ringnes, vilivyoitwa kwa majina ya ndugu wawili wenye kiwanda cha bia waliosaidia gharama za safari. Fram iliporudi nyumbani mwaka 1902, msafara ulikuwa umeleta ramani ya nchi ya kilomita za mraba zaidi ya 250,000.

Isachsen hakupumzika. Mwaka 1906 na 1907 alipima sehemu za Spitsbergen kwa msaada wa Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco. Mwaka 1909 na 1910 akarudi huko kwa kazi ya serikali yake. Mwaka 1920 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuipa Norwei mamlaka juu ya visiwa vile. Mwaka 1923 akawa mkuu wa kwanza wa jumba la makumbusho ya mambo ya bahari mjini Oslo.

Lakini vile visiwa alivyovizunguka na Hassel havikuwa vya Norwei. Mwaka 1930 Norwei ilikubali kwamba ni vya Kanada, na serikali ya Kanada ikamlipa Sverdrup dola 67,000 kwa ajili ya ramani na hati zake. Naliposoma hayo nalisikitika, nikafikiri taabu yote ile imekwenda bure. Halafu nikatambua kosa langu. Nani angelipa fedha kwa ramani iliyokisiwa chini ya mwembe? Bendera ilibadilika, bali ramani ilibaki kweli.

Mwaka ule ule, ingawa alikuwa na miaka 62, Isachsen alikwenda kuongoza safari ya meli Norvegia kuizunguka nchi ya barafu ya kusini. Alifariki mwezi wa Desemba 1939. Mwaka 1948 kituo cha kupima hali ya hewa kilijengwa katika Ellef Ringnes, kikaitwa Isachsen. Kilifungwa mwaka 1978, lakini jina lake lingali kwenye ramani.

Nami nalirudi kinamasini na kamba yangu ya kupimia. Matope yalinifika magotini, na kazi ilinichukua Jumamosi mbili. Ramani ya pili haina rangi nzuri, lakini kijito kinapita bondeni, mahali pake.