Ibn al-Haytham na Nuru ya Mwezi

Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu walioutazama mwezi kwa jicho la elimu, hapana budi kumtaja Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye watu wa Ulaya humwita Alhazen. Alizaliwa katika mji wa Basra, nchi ya Iraki, mnamo mwaka 354 wa Hijria, ndio mwaka 965 wa Miladi. Alisoma hesabu na elimu ya falaki, akawa mtu asiyeridhika na neno kwa kuwa tu limesemwa na mkubwa, bali alitaka kuijua hoja yake na kulijaribu kwa macho na kwa vipimo.

Sifa zake zikafika Misri, ambako Khalifa al-Hakim wa ukoo wa Fatimia alitawala tangu mwaka 996 hata 1021. Wanahistoria wasimulia kwamba Ibn al-Haytham alidhani yawezekana kuyatawala maji ya mto Naili, yasizidi yakagharikisha wala yasipungue yakaleta njaa. Khalifa akamwita, akampa mafundi, akamtuma kusini. Katika zama hizo wanajiografia wa Kiarabu walisema kwamba Naili yatoka katika Milima ya Mwezi. Leo yajulikana kwamba baadhi ya chemchemi zake za mbali kabisa zimo katika msitu wa Nyungwe unaopakana na Rusizi, ambako mvua inyeshayo upande wa mashariki huenda Naili, na ile ya magharibi hushukia mto Kongo.

Ibn al-Haytham alipofika maporomoko ya al-Janadil, karibu na Aswan, alikuwa ameyaona njiani majengo makubwa ya watu wa kale, yaliyojengwa kwa hesabu isiyo na kasoro. Akatambua kwamba lau kazi ile ingaliwezekana, watu wale wasingeiacha. Basi akarudi Kairo, akamkiri Khalifa kwamba hawezi. Kumwambia mtawala mkali neno kama hilo kulikuwa ni kuiweka shingo hatarini. Khalifa alimpa kazi nyingine, lakini yeye hakuwa na amani. Yasimuliwa kwamba alijifanya mwendawazimu, mali yake ikashikwa, naye akafungiwa nyumbani kwake mpaka Khalifa alipotoweka mwaka 1021. Ndipo alipojidhihirisha kuwa mwenye akili zake timamu. Akakaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akipata riziki kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy kwa mkono wake.

Mbali na kitabu chake kikuu, Kitab al-Manazir, chenye sehemu 7 juu ya nuru na kuona, Ibn al-Haytham aliandika risala juu ya nuru ya mwezi. Wanazuoni waliomtangulia walikwisha kujua kwamba nuru hiyo yatoka kwa jua. Lililobaki ni kujua namna inavyotufikia, kwani wako waliosema kwamba mwezi ni kama kioo kilichosuguliwa. Yeye hakulikubali jambo hilo. Mtu akiliweka birika la shaba linalong'aa mbele ya jua, huliona jua katika doa moja dogo tu. Lau mwezi ungekuwa hivyo, nasi tungeona doa moja lenye kung'aa na sehemu nyingine zote giza. Ibn al-Haytham akatumia kipimo chenye ufa mwembamba, akaithibitisha hoja yake kwamba nuru hutoka katika kila sehemu ya mwezi iliyoangazwa na jua, ikaenda pande zote, mfano wa ukuta uliopakwa chokaa. Leo yajulikana kwamba uso wa mwezi ni vumbi na mawe yaliyokwaruza, si kioo hata kidogo.

Ajuaye hayo huelewa kwa nini mwezi hubadilika sura. Nusu ya mwezi daima imelielekea jua nayo ina nuru, na nusu ya pili ni giza. Mwezi huizunguka dunia kwa masafa ya kilomita 384,000 hivi. Ukiwa upande wa jua, nusu yenye nuru hutupa kisogo, nasi hatuuoni. Ukisogea kidogo, twaona ukingo mwembamba upande wa magharibi baada ya jua kutua: ndiyo hilali. Baada ya siku 7 hivi twaona nusu, na baada ya juma jingine mwezi mpevu, ambao huchomoza upande wa Nyungwe wakati jua linapotua upande wa Kongo. Kisha hupungua vivyo hivyo. Toka mwandamo hata mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Ndiyo maana mwezi wetu mara huwa na siku 29, mara 30. Atakaye kumfunza mtoto na ashike chungwa mbele ya taa gizani, akigeuka polepole nalo. Sura zote ataziona.

Wako wadhanio kwamba kivuli cha dunia ndicho kiupunguzacho mwezi. Sivyo. Kivuli hicho huufikia mwezi wakati wa kupatwa tu, nao huwa mpevu, na kwa saa chache. Wala haupatwi kila mwezi, kwani njia yake imeinama kwa nyuzi 5 hivi, na mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli.

Elimu hii si pambo. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki Waislamu wamepata kugawanyika, hawa wamefunga na hawa wanakula Idi, na ndugu hawakupeana mkono siku ya furaha. Hukumu ni ya masheikh. Lakini shahidi naye hupimwa. Asemaye kwamba ameiona hilali jioni upande wa mashariki amekosea. Asemaye kwamba pembe zake zimelielekea jua amekosea pia, kwani upande wenye nuru ndio ulielekeao jua daima, na kwetu karibu na ikweta hilali aghlabu hulala kama mtumbwi. Na mwezi ulioonekana alfajiri mashariki hauonekani jioni ile ile magharibi.

Ibn al-Haytham alifariki Kairo mnamo mwaka 1040. Kitabu chake kikuu kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572, na wanazuoni wa Ulaya wakafaidika nacho. Katika mwezi wenyewe liko shimo lililopewa jina lake, Alhazen. Na mwaka 2015, uliofanywa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nuru, alikumbukwa ulimwenguni kote. Aliyekiri mbele ya Khalifa kwamba hawezi ndiye aliyewaachia watu elimu iliyodumu miaka elfu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awajaalie vijana wetu kuipenda elimu kama alivyoipenda yeye. Amin.