Dkt Hepburn, mmishonari aliyewaachia Wajapani kamusi

KWA kawaida, Mjapani anayeomba pasipoti huandikiwa jina lake kwa herufi za Kirumi zinazofuata mtindo uliopewa jina la daktari mmoja Mmarekani aliyeaga dunia mwaka wa 1911. Daktari huyo ni James Curtis Hepburn, ambaye Wajapani, kwa kulitamka jina lake jinsi walivyolisikia, walimwita Hebon.

Alikwenda nchini humo kueneza Injili wakati ambapo Mjapani aliyeipokea dini ya Kikristo angeweza kuhukumiwa kifo. Kwa zaidi ya miaka 10 hakuwa na ruhusa ya kuwahubiria wenyeji hadharani, na kazi alizozifanya katika kipindi hicho cha kusubiri ndizo zilizomjengea jina.

Hepburn alizaliwa mnamo Machi 13, 1815 katika mji wa Milton, jimbo la Pennsylvania. Alisoma Princeton, kisha akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 1836. Mwaka wa 1840 alimuoa Clara Leete, mwanamke aliyekuwa na ari ya umishonari sawa na yake. Mwaka uliofuata waliabiri merikebu kuelekea Mashariki ya Mbali.

Safari hiyo ya kwanza haikuwa na heri. Walikaa Singapore, kisha wakahamia Amoy nchini Uchina, ambako mtoto wao Samuel alizaliwa. Maradhi yaliwaandama hadi wakalazimika kurejea Marekani. Jijini New York, Hepburn alifungua kliniki iliyostawi, akawa mtu mwenye mali na heshima. Hata hivyo, nyumba hiyo iliyojaa kila kitu ilikumbwa na msiba juu ya msiba: watoto wao watatu walifariki wakiwa wadogo. Akabaki Samuel peke yake.

Japani ilipokubali kuwafungulia wageni bandari zake chini ya mkataba wa mwaka wa 1858, Hepburn na mkewe walijitolea tena. Waliuza mali yao, wakamwacha Samuel Marekani ili aendelee na masomo, na mnamo Oktoba 1859 wakawasili Kanagawa, karibu na Yokohama. Hepburn alikuwa na umri wa miaka 44. Makao yao ya kwanza yalikuwa hekalu la Kibudha lililoitwa Jobutsuji.

Ilikuwa hatari kwa mgeni kuishi huko. Baadhi ya mashujaa wa Kisamurai walikuwa wameapa kuwafukuza wageni wote kwa upanga. Clara aliwahi kupigwa kwa gongo barabarani. Mnamo Septemba 1862, mfanyabiashara Mwingereza Charles Richardson aliuawa katika kijiji cha Namamugi, na wenzake wawili waliojeruhiwa wakakimbilia ubalozi mdogo wa Marekani. Aliyeitwa kuwatibu ni Hepburn.

Kwa kuwa hangeweza kuhubiri, daktari huyo aliamua kutibu. Mwaka wa 1861 alifungua zahanati katika hekalu jingine na kuwahudumia maskini bila malipo. Wagonjwa walimiminika, wengi wao wakiwa na maradhi ya macho. Baada ya miezi michache tu, wakuu wa serikali waliamuru ifungwe. Alipohamia Yokohama aliendelea na kazi hiyo. Mwaka wa 1867 alimkata mguu uliooza mwigizaji mashuhuri wa kabuki, Sawamura Tanosuke, kisha akamwagizia mguu wa bandia kutoka Marekani. Mwigizaji huyo alirejea jukwaani, na sifa za daktari zikaenea kote.

Wagonjwa hao ndio waliokuwa walimu wake wa lugha. Hakukuwa na kamusi ya kutegemewa ya Kijapani na Kiingereza, kwa hivyo Hepburn aliyakusanya maneno moja baada ya jingine kutoka vinywani mwa watu na katika vitabu. Msaidizi wake mkuu alikuwa Kishida Ginko, kijana aliyefika kwake akiumwa macho, akapona na kubaki kuwa mwenzi wake kazini. Baadaye Kishida alikuja kuwa miongoni mwa waasisi wa magazeti nchini Japani.

Japani haikuwa na mitambo iliyofaa kuichapisha kazi hiyo, na hivyo wawili hao walisafiri hadi Shanghai. Kamusi hiyo ilitolewa mwaka wa 1867 ikiwa na maneno ya Kijapani zaidi ya 20,000. Toleo la tatu, la mwaka wa 1886, ndilo lililoueneza mtindo wa kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi. Mtindo huo haukubuniwa naye pekee, kwani ulitokana na mapendekezo ya chama cha wasomi wa Kijapani na wageni, lakini kamusi yake ndiyo iliyoufikisha kwa umma. Irabu zake husomwa kama za Kiswahili, na ndiyo maana msomaji wa Kiswahili huyatamka majina kama Yokohama na Nagasaki bila taabu.

Clara naye hakukaa bure. Mwaka wa 1863 alianza kuwafundisha vijana Kiingereza nyumbani kwake. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Hayashi Tadasu, aliyekuja kuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, na Takahashi Korekiyo, aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 1921 na 1922. Kutokana na darasa hilo dogo zilichipuka taasisi mbili zilizopo hadi leo: Meiji Gakuin jijini Tokyo, na shule ya wasichana ya Ferris mjini Yokohama.

Mabango ya kuupiga marufuku Ukristo yaliondolewa mwaka wa 1873. Hapo Hepburn akaigeukia kazi aliyokuwa ameitamani tangu mwanzo, ya kuitafsiri Biblia. Akishirikiana na wamishonari wenzake na wasomi wa Kijapani, Agano Jipya lilikamilika mwaka wa 1880 na Agano la Kale mwaka wa 1887. Aidha, pesa alizopata kwa kuuza haki za kamusi yake alizitoa kwa Meiji Gakuin ili kujengea bweni. Yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa taasisi hiyo.

Mnamo Oktoba 1892, wakiwa wamezeeka, Hepburn na Clara waliiaga Japani baada ya miaka 33. Clara alifariki mwaka wa 1906. Mumewe alimfuata mnamo Septemba 21, 1911, huko East Orange, jimbo la New Jersey, akiwa na umri wa miaka 96. Siku hiyo hiyo, bweni lililokuwa na jina lake jijini Tokyo liliteketea kwa moto.

Jengo hilo lilitoweka, lakini maandishi yake yalidumu. Mwaka wa 2025, baraza la serikali linaloshughulikia utamaduni lilipendekeza mtindo wa Hepburn uchukue nafasi ya ule uliokuwa rasmi tangu mwaka wa 1954.