Abu Bakr ar-Razi na dalili za sirsamu

Mgonjwa aliyeingia katika baraza la Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi hakumfikia shekhe moja kwa moja. Alieleza maradhi yake kwa wanafunzi wa safu ya mwisho. Wakishindwa, alipelekwa kwa waliokuwa mbele yao, na hao nao wakishindwa ndipo Razi mwenyewe aliposema.

Alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, mnamo 251 Hijria (865 Miladia). Inasimuliwa kwamba ujanani alipenda muziki na aliingia katika tiba akiwa mtu mzima. Aliongoza hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Maoni anayonasibishwa nayo kuhusu unabii yalipingwa vikali na wanazuoni, wala siyatetei. Hapa tunazungumzia tiba yake.

Wengi humtaja kwa kitabu chake cha ndui na surua. Mimi navutiwa zaidi na aliyoandika kuhusu sirsamu, neno la Kiajemi lenye maana ya uvimbe wa kichwa. Maelezo yake yanakaribiana sana na ugonjwa tunaouita leo homa ya uti wa mgongo. Hakuwa na kipimo cha maji ya uti wala picha ya ubongo, kwa hiyo alimtazama mgonjwa mwenyewe: kichwa na shingo kuwa vizito na kuuma kwa siku kadhaa, kuukimbia mwanga, machozi mengi, kupiga miayo na kujinyoosha, kukosa usingizi, uchovu mkubwa. Akiyaona hayo alijua sirsamu iko njiani.

Dawa yake ilikuwa kukata mshipa na kutoa damu. Lakini je, ilisaidia kweli? Kundi moja alilitoa damu, la pili akaliacha kwa makusudi ili apate jibu. Akaona waliotolewa damu wamesalimika. Leo tunajua kutoa damu hakutibu ugonjwa huu, na kuwaacha wagonjwa namna ile bila ridhaa yao hakukubaliki. Hata hivyo, kulinganisha makundi mawili katika zama zile si jambo dogo.

Dalili zenyewe hazijachakaa. Mpaka sasa daktari humlaza mgonjwa chali na kuinamisha kichwa chake kuelekea kifuani. Shingo ikikaza, au magoti yakijikunja yenyewe, hana muda wa kupoteza. Nalisema hili kwa sababu bwenini kwetu mwenye homa, shingo ngumu na anayekimbia mwanga huweza kusomewa ruqya usiku kucha kabla ya kupelekwa hospitali. Asomewe, ndiyo, lakini akiwa njiani.

Razi alipofuka mwishoni mwa umri wake, akafariki Rayy mnamo 313 Hijria (925). Al-Hawi, kitabu chenye habari hizi, hakukikamilisha. Inasimuliwa kwamba waziri Ibn al-Amid alizinunua karatasi zake kwa dada yake Razi, akawakusanya wanafunzi wake wazipange.