Mtakatifu Ludoviko, mfalme aliyetaka kusikia malalamiko



Nikiri tu: nilipokuwa nasoma falsafa, nilidhani mtawala mtakatifu ni yule anayesali sana, basi. Ludoviko wa Tisa wa Ufaransa akanibadilisha mawazo. (Kusali alisali, tena sana.) Alirithi kiti mwaka 1226 akiwa na miaka 12, mama yake akimshikia nchi.

Sasa sikieni. Mwaka 1247, kabla ya kwenda vitani, alituma watu mikoani, wakiwemo watawa Wafransisko na Wadominiko, wakamuulize mwananchi wa kawaida: ofisa wa mfalme amekudhulumu nini? Yaani serikali ikajichunguza yenyewe! Malalamiko yakaandikwa, na baadhi ya waliodhulumiwa wakalipwa. Aliporudi, mwaka 1254, akatoa amri kali: maofisa wasipokee rushwa, wasicheze kamari, wasinunue ardhi kwenye maeneo wanayotawala. Na ofisa akimaliza muda wake haondoki hapohapo. Anabaki wiki kadhaa ili mwenye dai naye ajitokeze.

Hiyo ya mwisho ndiyo inaninyima usingizi. Kijijini kwetu mtendaji mmoja aliondoka usiku na michango ya kisima. Bibi yangu alikuwa amechanga kwa kuuza kuku wake.

Ludoviko hakuwa malaika. Aliwakandamiza Wayahudi, vitabu vyao vikachomwa moto Paris, na hilo siwezi kulipamba.

Alifariki Tunis tarehe 25 Agosti 1270. Kila mwaka tarehe hiyo namwomba amkumbuke yule mtendaji wetu, popote alipo. Kisima bado hakijachimbwa.